Baraza la Kiganjani: Siasa na Mitandao ya Kijamii Kenya na Tanzania, 2005–2025

Siasa za mitandaoni Afrika Mashariki zilianza kabla ya Facebook na Twitter kufika mikononi mwa watu wengi. Zilianza kwenye blogu na kumbi za majadiliano katikati ya miaka ya 2000, wakati intaneti ilikuwa bado ya kulipia kwa dakika katika vibanda vya mjini, na wasomaji wake wengi walikuwa Waafrika Mashariki waishio Ulaya na Marekani. Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, aliandika blogu yake ya Jikomboe kwa Kiswahili na kuwahimiza wenzake waandike. Kundi hilo la mwanzo liliziita blogu "magazeti tando". Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa gazeti la serikali la Daily News, alianza yake mwaka 2005. Michuzi aliweka picha za mikutano ya viongozi, misiba, harusi na mitaa ya Dar es Salaam. Chini ya kila picha wasomaji waliandika maoni yao, na huko chini ndiko siasa zilikokaa. Mtu wa Tabata na mtu wa London walibishana juu ya waziri yuleyule, siku ileile.

Mazoea yenyewe yalikuwa ya zamani. Baraza, lile benchi la mawe mbele ya nyumba ya Mswahili wa pwani, limetoa jina lake kwa kikao cha kila aina, hadi Baraza la Mawaziri. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilichapa barua na mashairi ya wasomaji waliojibizana humo kwa miaka mingi. Nairobi ilikuwa na Bunge la Mwananchi, raia wa kawaida waliokusanyika katika bustani ya Jeevanjee kuijadili nchi, na Dar es Salaam ilikuwa na vijiwe vya kahawa ambako vichwa vya magazeti husomwa na kuchambuliwa hadi birika likauke. Kilichogeuka baada ya intaneti ni hatima ya maneno. Linalosemwa kijiweni hupotea na moshi wa mkaa. Linaloandikwa mtandaoni hubaki, husomwa na asiyekuwepo, na laweza kusomwa tena mbele ya hakimu.

Mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha JamboForums, ambayo mwaka 2008 ilibadilishwa jina kuwa JamiiForums. Wachangiaji waliandika kwa majina ya bandia, na jambo hilo moja likawavuta watu ambao kijiweni wasingethubutu kufungua mdomo: watumishi wa umma, wahasibu, makarani wenye nyaraka mezani. Wakati ulikuwa mwafaka. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga wilayani Temeke, Dkt. Willibrod Slaa wa chama cha upinzani cha Chadema alisoma hadharani orodha ya majina 11 ya watu aliowaita mafisadi. Kwenye ukumbi huo wa mtandaoni ukaendelea mjadala mrefu juu ya fedha za akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu, maarufu kama EPA, kisha juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe ilitoa ripoti yake kuhusu Richmond, na tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mwezi huohuo polisi waliwakamata waanzilishi wa ukumbi huo na kuchukua kompyuta zao, na tovuti ikatoweka kwa siku kadhaa. Itakuwa kutia chumvi kusema kwamba mtandao ulimng'oa Waziri Mkuu. Bunge ndilo lililofanya kazi hiyo. Lakini tangu hapo hakuna mwanasiasa wa Tanzania aliyeweza kudai kwamba mazungumzo ya mtandaoni ni porojo za vijana wa ughaibuni.

Kenya ilifika mahali hapohapo kwa njia ya damu. Mwaka 2006 mwanasheria Ory Okolloh alishiriki kuanzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia kazi za wabunge, baada ya tovuti rasmi ya Bunge kufungwa kwa sababu baadhi ya waheshimiwa walikerwa na wasifu wao kuwekwa hadharani. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulipovurugika na Mwai Kibaki kuapishwa jioni ya tarehe 30, serikali ilipiga marufuku matangazo ya mubashara. Redio na televisheni zilinyamaza, au zilipiga muziki, wakati nyumba zikiwaka moto Kisumu, Eldoret na Nairobi. Okolloh, aliyekuwa nchini kwa ajili ya kupiga kura, aliandika kwenye blogu yake kila alichosikia, wasomaji wakimtumia taarifa hadi akazidiwa. Mapema Januari 2008 alitoa wito: je, yupo fundi wa kompyuta awezaye kutengeneza ramani ambayo kila mtu ataweka alama mahali alipoona ghasia?

David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich waliitikia, na kwa siku chache kazi ikakamilika. Waliipa jina la Ushahidi. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: mtu alituma ujumbe mfupi wa simu au kujaza fomu kwenye tovuti, mtu wa kujitolea akausoma na kujaribu kuuthibitisha kwa taarifa nyingine, kisha nukta ikawekwa kwenye ramani ya Kenya. Nyumba imechomwa hapa, kizuizi cha barabarani pale, watu wamejificha kanisani kule. Programu hiyo baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010 na katika nchi nyingine nyingi, na neno la Kiswahili likaingia kwenye midomo ya watu ambao hawajui Kiswahili kingine chochote.

Lakini Kobia huyohuyo alikuwa mwenye Mashada, ukumbi mkubwa wa majadiliano wa Wakenya uliokuwepo miaka mingi kabla. Katika wiki hizo Mashada ilifurika matusi ya kikabila na wito wa kulipiza kisasi, kiasi kwamba waangalizi wake hawakuweza kuyafuta kwa kasi yaliyokuwa yakiandikwa. Mwishoni mwa Januari aliufunga, akafungua mahali pengine padogo alipopaita kwa Kiingereza "Sina Kabila". Mtu mmoja, katika mwezi mmoja, alifungua ukumbi wa kuokoa watu na kufunga ukumbi uliokuwa ukiwachochea. Hakuna tukio linaloeleza vizuri zaidi pande mbili za chombo hiki. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 walihama makwao, na ujumbe mfupi wa simu, ambao hausomwi na mhariri yeyote, ulibeba sehemu ya chuki hiyo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyounda tume ya kusimamia matamshi ya chuki, ilizaliwa na msiba huo.

Kilichoufanya uwanja huu kuwa wa watu wengi ni nyaya. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam, na TEAMS ukafika Mombasa. Intaneti iliyokuwa ikija kwa satelaiti, ghali na ya kujikongoja, ikaanza kuuzwa kwa bando la siku moja. Simu janja za bei nafuu zikafuata. Miaka michache baadaye Facebook ilikuwa imefika vijijini, na Twitter ikawa mahali pa waandishi, wanasheria, wanaharakati na wanasiasa wenye haraka.

Wanasiasa vijana waliwahi. Tanzania ilikuwa na Zitto Kabwe na January Makamba, wabunge waliojibu maswali ya wananchi moja kwa moja wakiwa ndani ya ukumbi wa Bunge. Kenya, Uhuru Kenyatta na William Ruto waligombea mwaka 2013 wakijiita timu ya dijitali na kuwapachika wapinzani wao jina la analojia. Maneno hayo mawili yakaingia kwenye Kiswahili cha mitaani na hayajatoka. Wakenya wa Twitter nao wakapata jina lao, KOT, na tabia yao: kujibu kwa umoja, kwa kejeli na kwa haraka. Shirika la habari la CNN lililionja jambo hilo mwaka 2012 na tena Julai 2015, lilipoieleza Kenya kama kitovu cha ugaidi wakati Barack Obama akielekea Nairobi. Mkuu mmoja wa shirika hilo alilazimika kusafiri hadi Nairobi kuomba radhi.

Katika uchaguzi huo wa 2013 watafiti wa mradi wa Umati walifuatilia matamshi hatari mtandaoni na kuona jambo la maana. Chuki nyingi ilikuwa Facebook, katika kurasa ambako watu wa fikra moja walijifungia. Twitter, ambako kila mtu anamwona kila mtu, mchochezi alikemewa na wenzake hadi akafuta au akanyamaza. Somo hilo lilikuwa na thamani kubwa kuliko sheria nyingi zilizotungwa baadaye, na serikali hazikulizingatia. WhatsApp ilipoenea, mazungumzo yaliingia kwenye magrupu ya familia, ya kanisa, ya msikiti na ya ukoo, ambako mkemeaji wa nje hafiki kabisa.

Tanzania ilichagua njia ya sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, ikaanza kutumika Septemba mosi, wiki chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba. Kifungu chake cha 16 kilifanya kusambaza taarifa za uongo kuwa jinai, bila kueleza kwa uhakika ni nani ataamua uongo ni upi. Kampeni yenyewe ilikuwa ya kwanza kupiganwa vilivyo kwenye simu: "Hapa Kazi Tu" ya John Magufuli dhidi ya "Mabadiliko" ya Lowassa, ambaye sasa alikuwa mgombea wa upinzani. Baada ya kushinda, Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na kuigeuza siku hiyo kuwa ya usafi. Wananchi wa nchi jirani walimpenda ghafla. Wakenya wengi walijipiga picha wakibana matumizi na kuuliza mtandaoni Magufuli angefanya nini. Kwa wiki chache rais wa Tanzania alikuwa mmoja wa wanasiasa waliotajwa kwa furaha zaidi barani.

Hali ikageuka upesi. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vya Bunge mubashara, kwa sababu ya gharama. Katikati ya mwaka huo mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio hilo lilidumu hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa tarehe 3 Januari 2023. Kwa miaka sita na nusu, chama cha upinzani kilichotaka kusema na wananchi nje ya jimbo la mbunge wake hakikuwa na jukwaa la mbao. Kilikuwa na simu. Tundu Lissu wa Chadema, aliyepigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, aliendelea na siasa kutoka hospitali za Nairobi na Ubelgiji kwa video na maandishi yaliyosambaa WhatsApp nchi nzima. Yeyote anayeshangaa kwa nini siasa za Tanzania zilihamia mitandaoni kwa nguvu kiasi kile na aangalie tarehe hizo: kila uwanja uliofungwa nchini uliongeza watu mtandaoni. Nairobi mwishoni mwa 2007, matangazo ya mubashara yalipopigwa marufuku, mambo yalikuwa hivyohivyo.

Serikali nayo iliwafuata huko. Desemba 2016 Melo alikamatwa na kushtakiwa, kosa moja likiwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wachangiaji wake. Kesi zilimpeleka mahakamani miaka mingi, na mwaka 2019 alipewa tuzo ya kimataifa ya uhuru wa vyombo vya habari jijini New York. Mwananchi mmoja wa Arusha alihukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni 7 kwa maneno aliyoyaandika Facebook kuhusu Rais. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zikamtaka kila mwenye blogu, redio au televisheni ya mtandaoni awe na leseni: shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 za leseni na milioni 1 nyingine kila mwaka. Kijana aliyekuwa akiandika habari za wilaya yake bila malipo hakuwa na fedha hizo. Blogu nyingi zilifungwa kimya kimya, na JamiiForums yenyewe ilizima mitambo kwa muda mwezi Juni. Kundi la waandishi wa vijijini na wilayani lililopotea mwaka ule halijarudi, na hasara hiyo haitajwi vya kutosha.

Mwaka huohuo ulionyesha pia mpaka wa nguvu za mtandao. Mange Kimambi, mwanaharakati aishiye Marekani mwenye wafuasi wengi Instagram, aliitisha maandamano ya tarehe 26 Aprili, Siku ya Muungano. Polisi walitoa vitisho vikali, askari wakajaa barabarani, na walioandamana walikuwa wachache mno. Kugusa kitufe cha kupenda picha hakumgharimu mtu kitu. Kutoka nje kuna gharama yake, na Watanzania waliipima.

Katika kipindi hicho Kenya ilijifunza kwamba si kila sauti ya mtandaoni ni ya mwananchi. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha picha za siri ambamo mkuu mmoja wa kampuni ya Cambridge Analytica alijigamba kwamba waliiendesha kampeni ya Kenyatta ya 2013 na ya 2017, wakaandika hotuba na hata ilani. Mwaka 2017 video za kutisha zilizomchora mpinzani wa Kenyatta, Raila Odinga, kama mtu atakayeitumbukiza nchi gizani zilitengenezwa na kampuni ya Texas. Baadaye kazi hiyo ilishuka bei na kurudi nyumbani: vijana wa Nairobi wenye wafuasi walilipwa fedha kidogo kusukuma alama ya reli fulani hadi iongoze kwa siku, wakitumiwa maneno ya kuandika kupitia magrupu ya WhatsApp. Tanzania ina neno lake kwa msifiaji wa aina hiyo, chawa, na neno lenyewe linatosha kueleza jinsi anavyoonwa na watu.

Uchaguzi wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022 uliweka kitu tofauti mikononi mwa raia. Mahakama ya Juu, ilipoufuta uchaguzi wa urais Septemba mosi 2017, ilikuwa imekosoa jinsi matokeo yalivyosafirishwa kutoka vituoni. Safari hii Tume ya Uchaguzi iliweka fomu zote za matokeo ya vituo, ziitwazo 34A, kwenye tovuti iliyo wazi kwa kila mtu, kutoka vituo 46,229. Mwananchi aliyeketi kitandani usiku alichagua kaunti, kisha eneo bunge, kisha wadi, kisha shule ya msingi aliyopigia kura, na mbele yake ikaja picha ya karatasi: kura zilizoandikwa kwa kalamu kwa tarakimu na kwa maneno, majina ya mawakala, sahihi zao, mhuri, mahali pengine alama ya kidole cha mtu au mkunjo wa karatasi. Vyombo vya habari vilijumlisha kila kimoja kwa kasi yake, na watu binafsi wakajumlisha kwenye kompyuta zao. Kwa siku sita nchi nzima ilikuwa ikihesabu. Matokeo yalipotangazwa tarehe 15 Agosti, Ruto asilimia 50.49 na Odinga asilimia 48.85, makamishna wanne kati ya saba waliyakana, na kesi ikaenda Mahakama ya Juu, ambayo ilithibitisha ushindi huo tarehe 5 Septemba. Ubishi ulikuwa mkali, lakini safari hii kila mbishi aliweza kuonyeshwa karatasi. Katika miaka yote ishirini hakuna hatua ya mtandaoni iliyoilinda demokrasia ya ukanda huu kuliko uamuzi huo wa kuweka fomu hadharani, na haukuhitaji sheria mpya wala leseni.

Miaka miwili baadaye simu zilezile zilitoa watu barabarani. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, magari kodi ya asilimia 2.5 kila mwaka, na bidhaa kama nepi na taulo za kike ushuru wa mazingira. Kurasa za mswada, zilizoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, vijana walizivunjavunja kwenye TikTok kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, kifungu kimoja kwa video moja. Namba za simu za wabunge zilisambazwa, na wananchi wakaombwa "kuwasalimia". Simu za waheshimiwa zikaita mchana na usiku, ujumbe ukamiminika kwa maelfu, wengine wakalalamika kwamba hawawezi tena kupiga wala kupokea. Rais alipewa jina la Zakayo, mtoza ushuru wa Injili ya Luka aliyepanda mkuyu, na barabarani wakaimba wakimtaka ashuke.

Maandamano yalianza Nairobi tarehe 18 Juni. Serikali iliondoa baadhi ya vifungu siku hiyo, kikiwemo cha mkate, lakini tarehe 20 wabunge 204 waliuunga mkono mswada usomwe mara ya pili dhidi ya 115. Tarehe 25 Juni ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106, na saa hiyohiyo waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge. Polisi walifyatua risasi za moto. Kesho yake Ruto alitangaza kwamba hatatia sahihi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo visivyopungua 60 katika wiki za maandamano, na watu kadhaa, wengi wao waliojulikana mtandaoni, walitekwa na watu wasiovaa sare.

Vuguvugu hilo lilijieleza kuwa halina kabila, halina chama wala kiongozi. Hiyo ilikuwa ngao yake, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kununuliwa. Ilikuwa pia shida yake, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuketi mezani. Meza ikatafutwa mtandaoni. Tarehe 5 Julai Ruto aliingia kwenye mazungumzo ya sauti ya mubashara ya mtandao wa X, kama Twitter inavyoitwa tangu 2023, na kwa saa kadhaa kijana mmoja baada ya mwingine akafungua kipaza sauti cha simu yake na kumuuliza Rais wa nchi juu ya waliouawa, waliotekwa na fedha zilizoibwa. Walizungumza kwa sauti za hasira, wengine bila salamu za heshima zilizozoeleka mbele ya mkubwa. Rais alijibu, akakatizwa, akaendelea. Tarehe 11 Julai alilivunja Baraza la Mawaziri, akimbakiza Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi. Hakuna rais wa Kenya kabla yake aliyewahi kuhojiwa namna hiyo na watu wasiomjua, na ukubwa wa jambo hilo haupunguzwi na yaliyofuata.

Yaliyofuata ni kwamba utekaji uliendelea. Juni 2025 mwalimu kijana aliyeandika juu ya mkuu mmoja wa polisi kwenye mtandao wa X alikamatwa nyumbani kwao, akasafirishwa hadi Nairobi na kufia mikononi mwa polisi. Oktoba mwaka huo Ruto alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu vyake. Mahakama ndizo zilizoitofautisha Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Uganda ilifunga mitandao ya kijamii siku ya uchaguzi wa Februari 2016, ikaitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018, na Januari 2021 ikazima intaneti yote wakati wa kupiga kura. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilikata intaneti baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 kwa takriban siku ishirini.

Tanzania nayo ilikuwa imeonja kufungiwa mitandao. Tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, Twitter na WhatsApp zilianza kukwama, na Watanzania wengi walijifunza siku hiyo maana ya VPN, njia ya kupita vizuizi vya mtandao. Machi 2021, Magufuli alipotoweka hadharani kwa zaidi ya wiki mbili, habari za ugonjwa wake zilijaa mtandaoni huku serikali ikizikanusha na polisi wakiwakamata walioziandika; tarehe 17 Makamu wa Rais, Samia, alitangaza kifo chake kwenye televisheni. Kanusho za serikali siku zile ziliwafundisha wananchi kutafuta habari za ikulu yao kwa watu wa nje. Mwezi uliofuata Samia, sasa akiwa Rais, aliagiza televisheni za mtandaoni zilizofungiwa zifunguliwe, na kwa muda hewa ikawa nyepesi. Mjadala wa mkataba wa bandari na kampuni ya DP World, mwaka 2023, ulifanyika kwa upana mkubwa mtandaoni kwa Kiswahili, ukiwahusisha maaskofu, mawakili, wabunge na makuli. Baadhi ya waliopinga walikamatwa Agosti. Oktoba mwaka huo watumiaji wa VPN wakatakiwa kujisajili.

Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa nchini, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa na kuandikwa humo habari za uongo kuhusu kifo cha Rais. Septemba leseni ya JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90. Lissu alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini tangu Aprili, na chama chake kilikuwa kimezuiwa kushiriki uchaguzi. Wito wa kuandamana siku ya kura ulizunguka Instagram, TikTok na WhatsApp kwa wiki kadhaa, na wengi waliokumbuka Aprili 2018 walidhani utaishia palepale. Tarehe 29 Oktoba vijana walitoka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko. Intaneti ikakatwa siku hiyohiyo, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje. Novemba mosi ilitangazwa kwamba Rais Samia amepata asilimia 97.66 ya kura.

Intaneti ilirudi tarehe 3 Novemba. Ujumbe mfupi uliingia kwenye simu za Watanzania ukiwaonya wasisambaze picha na video za kuleta taharuki au kudhalilisha utu wa mtu. Picha hizo zilikuwa tayari zimepigwa, barabarani, madirishani na hospitalini, na zilianza kutoka moja moja pamoja na majina ya waliotafutwa na ndugu zao. Katikati ya Novemba serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mwaka 2008 ushahidi wa Wakenya uliwekwa kwenye ramani ghasia zikiwa bado zinaendelea. Wa Watanzania ulikaa siku tano ndani ya simu zisizo na mtandao.